Sikio la Mzoga

Kuna kazi ambazo ukizifanya vizuri hakuna anayeziona, na ukizikosea kila mtu anakuuliza ulikuwa wapi. Kupiga deki ni mojawapo. Kuchota maji ya matanga ni nyingine. Ya tatu ni ile aliyojitwika Nabei mwishoni mwa mwaka 2012, akiwa Kakuma, bila kutumwa na mtu wala kuahidiwa chochote.

Mchana alikuwa mtu wa kompyuta wa shirika moja dogo lenye ofisi za mabati upande wa mjini. Alibadilisha wino wa printa, akafufua mtandao uliozimwa na vumbi, na kuwaeleza wakubwa kwa upole kwamba neno la siri halikuibwa, wamelisahau tu. Kazi ikiisha alikigeukia kibarua chake cha moyoni. Kulikuwa na mfumo huria wa kompyuta uliokuwa ukijengwa na watu waliotapakaa duniani, watu wasiojuana sura, kila mmoja akichangia kipande chake. Nabei alikuwa amepewa kipande ambacho wenzake wote walikikwepa. Alikuwa anasafisha mafaili ya heda.

Heda ni faili ambalo programu nyingine zote hulisoma kwanza ili kujua vitu vimepangwaje ndani ya mashine: kipi kinaanza, kipi kinafuata, na kila kimoja kina urefu gani. Kwa miaka mingi kila aina ya mashine iliandikiwa heda yake, na kila mwandishi alinakili ya mwenzake kisha akaongeza chumvi kidogo. Maelezo ya kitu kilekile yakawa yamerudiwa katika mafaili kumi na zaidi, yakitofautiana kwa jambo dogo tu, la kukera. Kazi ya Nabei ilikuwa kuyakusanya yote yawe maelezo mamoja yanayoeleweka.

Jerotich, mhasibu aliyeketi naye chumba kimoja, alimtazama akihangaika na skrini akacheka mpaka miwani ikamteleza. Alimwambia hajawahi kuona mtu anayefagia boma la watu asiowajua, tena bure, wakati hata chumba chake mwenyewe cha kupanga hakijaona fagio tangu Krismasi. Nabei naye alicheka. Hakumwambia sababu, maana ingebidi aanze mbali, na Jerotich alikuwa na vocha za kupanga.

Sababu yenyewe ilikuwa mzoga.

Miaka kumi kabla ya hapo, katika kituo cha vijana cha parokia moja mjini Lodwar, kulikuwa na mwalimu wa kompyuta aliyeitwa Wandera. Alikuwa mtu wa Busia, mnene kiasi, aliyekuja Turkana kwa mkataba mfupi akakaa miaka na mikaka, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, joto lilikuwa limeshamzoea na halikutaka aondoke. Kompyuta zake zilikuwa za msaada kutoka pande zote za dunia, hakuna mbili zilizofanana. Nabei alikuwa msichana wa sekondari wakati huo, na hapakuwa na mahali duniani alipopapenda kama chumba kile chenye harufu ya nyaya zilizopata moto na chai ya tangawizi. Hadi leo akinusa tangawizi huona mashati ya Wandera, yale ya mikono mifupi, na kalamu zikivuja mfukoni.

Wandera ndiye aliyemfundisha kwamba programu ikifa ghafla, mfumo huimwaga kumbukumbu yake yote ndani ya faili moja, vilevile ilivyokuwa wakati inakata roho. Wataalamu wana jina lao la Kiingereza kwa faili hilo. Wandera aliliita mzoga. Na ile programu inayoupasua mzoga kuona umeuawa na nini, dibaga kwa lugha ya kazi, yeye aliiita kisu. Alikuwa na amri moja tu darasani: usizike kabla ya kupasua. Hakuna mzoga uliofutwa katika kituo kile. Ilirundikwa yote kwenye diski moja kuukuu, mizoga ya mashine zote pamoja.

Baba yake Nabei, Lokol, alipoleta mbuzi mnadani Lodwar alipenda kupitia kituoni kumwona binti yake akibofyabofya. Alikuwa mfugaji, mrefu, mwenye maneno machache na maswali mengi. Basi siku moja Wandera, aliyekuwa ametengeneza programu ya kurekodi sauti, akamwomba mzee aijaribie. Akamvutia kiti. Lokol akakikataa. Wimbo wa maksai hauimbwi mtu amekaa. Akasimama katikati ya chumba, akainua mikono, mmoja ukikunjika mbele na mwingine ukishuka nyuma ya kichwa, hivyo hivyo zilivyokuwa pembe za maksai wake wa madoadoa, Lomeri, ambazo alizikunja kwa mkono wake tangu akiwa ndama. Akaimba. Aliimba juu ya rangi ya Lomeri, kengele yake, visima alivyokunywa na vijana waliomwonea wivu. Wanafunzi waliacha kazi. Halafu, wimbo ukiwa haujaisha, programu ikafa.

Wandera alijikuna kichwa. Wimbo ulikuwa haujahifadhiwa popote, ila ndani ya mzoga. Lakini hakuona tatizo, maana mwenye wimbo si alikuwa hapo hapo. "Tutarudia kesho, mzee," akasema. Lokol akakubali, kesho.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hawakusema ni kwa miaka mingapi. Jioni ile habari zilifika kwamba mvua imenyesha upande wa Lowarengak. Mfugaji gani husubiri mashine wakati nyasi zinaota? Lokol akaondoka na mifugo alfajiri. Huko kaskazini homa ikampata, na waliompenda walipopata habari alikuwa amekwisha kuzikwa. Zilibaki picha zake mbili, lakini picha haiimbi. Mashine iliyokuwa imerekodi nayo ikaungua mwaka uliofuata. Dibaga za mashine nyingine hazikuweza kuufungua mzoga wa aina ile ya mashine. Zilisoma maumbo yake vibaya na kukataa. Nabei akabaki anauhamisha kutoka diski hadi diski, kama watu wanavyohamisha kaa la moto kutoka jiko moja hadi jingine usiku wa mvua, wasije wakalala bila moto.

Basi kama heda zingesafishwa, dibaga ya kisasa ingeweza kusoma mzoga wa mashine yoyote, hata zilizokwisha kutupwa. Ndiyo maana alifagia. Na kulikuwa na jambo lililomharakisha. Mama yake, Apua, aliyeishi Napetet pale Lodwar, alimpigia simu mwezi wa kumi na moja. Baada ya salamu za ejok za kutosha na habari za mbuzi, akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Uso wa baba yako bado ninao," alisema. "Sauti inaniponyoka. Juzi nilijaribu kuisikia, nikasikia ya ndugu yake."

Tangu siku ile Nabei hakulala vizuri. Kusahau uso ni jambo moja. Yeye mwenyewe, akisema kweli, sauti ilikuwa imeshampotea zamani, na alikuwa akimtegemea mama aitunze kwa niaba yao wote wawili.

Januari akafika kwenye heda ya ile mashine ya zamani. Aliyeituma kwenye mradi miaka hiyo alikuwa Wandera mwenyewe, na Nabei alipoona mwandiko wake, yaani namna yake ya kupanga mistari, alitabasamu peke yake. Mwanzoni kabisa mwa maelezo ya mzoga kulikuwa na kipande kidogo, nafasi ya herufi nne tu, kilichoitwa sikio. Juu yake Wandera alikuwa ameandika kwa Kiswahili: Mbuzi bila sikio ni wa nani? Hakuna programu yoyote iliyokitumia. Wazungu wa mradi walikuwa wamekipita miaka yote kwa sababu hawakuelewa maneno yale na waliogopa kugusa wasichokijua.

Nabei alicheka. Programu za Wandera zilijaa mbuzi. Alikuwa na mbuzi kwenye mifano, mbuzi kwenye mitihani, mbuzi hata kwenye majina ya printa. Akaona ni mzaha mwingine wa mwalimu. Tena kipande hicho ndicho peke yake kilichoifanya mashine ile iwe tofauti na nyingine. Kikiondoka, maelezo yote yanakuwa mamoja, masafi, ya kupendeza macho. Alifuata utaratibu wa mradi. Akawaandikia wote akiuliza kama kuna anayekitumia. Akangoja siku kadhaa. Hakuna aliyejibu, na katika miradi ya namna ile kimya huhesabiwa kuwa ndiyo. Akakifuta. Msimamizi wa mradi, mtu wa mbali sana asiyejua kusifu, alimwandikia kwamba ni kazi safi.

Siku hiyo hiyo akaitengeneza dibaga upya na kukielekeza kisu kwenye mzoga wa wimbo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, haikukataa. Ilifungua. Nabei aliinuka kitini bila kujijua.

Kisha ikaanza kusema uongo. Ilisema programu ilifia mahali ambapo hapakuwepo. Ilionyesha anwani za vitu ambavyo mashine ile haikuwahi kuwa navyo. Wimbo ulikuwa umekatwa vipande vipande ndani ya kumbukumbu, na bila kujua kipande kipi kilitangulia hakuna wimbo. Alipojaribu kuvisikiliza hivyo hivyo, zilitoka kelele za kinu cha posho. Alijaribu tena na tena, kwa wiki nzima. Akampigia Wandera, aliyekuwa amestaafu na kurudi kwao Busia. Mwalimu alifurahi sana kumsikia, akamweleza kwa kirefu habari za kuku wake, ugonjwa wa kuku wake na bei ya chakula cha kuku. Nabei akamuuliza habari za mzoga. Wandera akasema kwa huzuni kwamba siku hizi anakumbuka kuku tu.

Mwishowe Nabei akakubali kile alichokuwa akikikimbia, kwamba faili lenyewe limeoza. Diski huoza, hasa zilizopita kwenye joto la Turkana. Habari kama hiyo haitolewi kwa simu. Mwisho wa Februari aliomba ruhusa akateremka Lodwar, akafika mji ukiwa umechanganyikiwa kwa magari ya kampeni, kila moja likipiga muziki wake, na watu wakizungumza mafuta na kaunti kana kwamba vyote vingegawiwa Jumatatu ya kura.

Mama alikuwa amekaa upande wa kivuli wa nyumba, anapasua majani ya mkoma kwa ajili ya kikapu. Nabei alisubiri chai iishe ndipo akamwambia. Alimwambia yote: jinsi alivyofagia, jinsi mzoga ulivyofunguka, jinsi ulivyotoa kelele. Akamwomba msamaha. Apua hakulia. Aliendelea kupasua majani, akaanza kuzungumza kama anayejisemea.

Alisema Lokol aliipenda ile nyumba ya kompyuta kuliko alivyoonyesha. Siku moja alirudi kutoka huko akicheka peke yake njiani hadi majirani wakadhani amekunywa. Nabei siku hiyo alikuwa shuleni. Lokol alikuwa amemkuta mwalimu anapanga mizoga yake kwenye diski moja, akamuuliza mizoga ya mashine nyingi ikilala pamoja, atajuaje upi ni wa mashine ipi. Mwalimu akajibu kila mmoja una jina.

"Baba yako akamwambia jina ni la mdomo," Apua alisema. "Mbuzi wa mtu akinifia porini, simpelekei mwenyewe jina. Nampelekea sikio, aone alama yake, ajue mbuzi amekufa kweli, sikumuuza. Mwalimu akacheka sana. Lakini baba yako aliporudi mara ya pili, akakuta mwalimu amekata sikio. Amelitia kwenye mizoga ya mashine ile. Alama yetu, ya mbuzi wetu. Ndiyo aliyokuwa anaicheka."

Nabei alikuwa ameshika kikombe kitupu. Akakiweka chini taratibu.

Halikuwa mzaha, basi. Kila mzoga wa mashine ile ulianza na sikio, na baada ya sikio ndipo yakafuata mengine yote. Yeye alikuwa ameiambia dibaga kwamba sikio halipo. Dibaga ikalisoma sikio kana kwamba ndilo kitu cha kwanza, cha kwanza ikakisoma kama cha pili, na hivyo mpaka chini, kama mtu aliyekosea kifungo kimoja cha juu cha shati. Faili halikuoza hata kidogo. Na aliyelikata sikio si mgeni asiyejua Kiswahili. Ni mtoto wa Lokol, aliyekua akiona masikio yakiletwa nyumbani yamefungwa kwa ukambaa, anayejua alama ya kwao hata gizani kwa kidole. Wageni waliliogopa wakaliacha. Yeye alielewa kila neno, akafuta. Aibu ilimpanda mpaka kwenye nywele.

Akafungua kompyuta yake pale pale kivulini. Mradi huhifadhi historia yake yote, hivyo kilichofutwa hakipotei, hufichwa tu. Akalirudisha sikio mahali pake, akaanza kuitengeneza dibaga upya. Hilo lilichukua muda, na wakati mashine inahema aliandika barua pepe kwa wenzake. Alieleza kwamba alikosea, kwamba kipande kile lazima kirudi, na kwamba usafi wa heda hautaharibika kwa kuwa na sikio moja. Mmoja wao, wa upesi upesi, akajibu akiuliza ni nani hasa anayekitumia. Nabei alifikiria maelezo marefu, kisha akaandika mstari mmoja: kinatumiwa na mzoga mmoja, Lodwar.

Dibaga ilipokuwa tayari akakielekeza kisu tena. Safari hii ilisema kweli, na ilianza na kile ambacho Wandera angekiuliza kwanza: kilichoua. Programu ilikuwa imetengewa nafasi ya sauti, na sauti ikapita nafasi. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko chumba walichoujengea. Nabei aliusoma ule mstari mara mbili na kucheka huku macho yakimwuma. Akavifuata vipande kimoja baada ya kingine kwa mpangilio wake, akavishona, akaongeza sauti, akabofya.

Kwanza kiti kilisikika kikisukumwa. Kisha kikohozi. Kisha Lokol.

Ilikuwa sauti nyembamba kuliko walivyoikumbuka wote wawili, na yenye furaha zaidi. Rangi ya Lomeri, kengele, visima. Apua aliacha majani yakamteleza mapajani. Alitazama mbele, wala si kwenye kompyuta, akitikisa kichwa polepole kila jina la kisima lilipotajwa, kama anayekubaliana na shahidi. Katikati ikaingia sauti ya Wandera, ya miaka ile, yenye wasiwasi: "Mzee, inatosha, mashine inajaa." Na Lokol, kwa Kiturkana, bila kuacha mdundo, akamwambia ijae tu, Lomeri bado anakunywa. Akaendelea. Alifika kisima cha mwisho, akavuta pumzi, akaanza mstari, na sauti ikakatika katikati ya neno.

Nabei alijua ingekatika. Hata hivyo ilimchoma.

Ndipo Apua akainua mikono. Mmoja akaukunja mbele, mwingine akaushusha nyuma ya kichwa, bangili zikiteremka hadi kiwikoni. Akaliokota neno pale lilipokuwa limeangukia miaka kumi iliyopita, akalimaliza, akauendea mstari uliofuata, na uliofuata huo, mpaka Lomeri akamaliza kunywa na kurudi nyumbani. Nabei hakuwahi kujua kwamba mama anaujua wimbo ule. Hakuwahi kujua kwamba una mwisho.

Apua akashusha mikono, akaonekana kuona haya kidogo. Akaanza kuyakusanya majani ya mkoma.

Nabei alikuwa analia waziwazi, na kati ya machozi akagundua kwamba hakuwa amerekodi hata sauti moja. Akamwomba mama aimbe tena ule mwisho. Apua akasema amechoka, kifua kinambana, na jua linazama na mbuzi hawajafungwa. Wakati upo.

"Kesho," alisema. "Nitakuimbia kesho."

Nabei akainuka, akawafunga mbuzi mwenyewe, wote, akarudi na maji ya kunywa ya mama. Akaangalia nafasi iliyobaki kwenye diski, akaikuta kubwa kuliko wimbo wowote. Akaipanga programu ihifadhi kila neno papo hapo linapotoka mdomoni. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili, akaiinua.

"Hapana, mama," akasema. "Leo."